Ulevi Baada ya Kustaafu, na Jambo Lililotupasa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kusamehe dhambi na kupokea toba ya waja wake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, yako maradhi katika miji yetu ya pwani ambayo kila mtu ayajua na hapana apendaye kuyataja. Tukisema juu ya ulevi, desturi yetu ni kuwahutubia vijana. Twawakemea mimbarini, twawaonya katika madarasa, na wazee wetu huketi mbele wakitikisa vichwa kukubali. Leo twataka kusema na safu ya mbele. Twamkusudia mtu aliyefanya kazi miaka thalathini au zaidi, bandarini, au relini, au skuli, au katika afisi ya serikali. Akasomesha watoto wake, akajenga nyumba yake, akaheshimiwa mtaani kwake. Kisha alipostaafu akaangukia katika pombe kwa namna ambayo hata siku za ujana wake hakuijua.

Hatusemi haya kwa kusikia tu. Mzee mmoja wa namna hii ni katika watu wa darasa letu, na yaliyopita baina yetu na yeye ndiyo yaliyotushikisha kalamu. Hatumtaji jina wala mtaa, kwani kumsitiri Muislamu ni wajibu. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kuyaeleza, ili mwengine apate funzo.

Mzee huyu alikuwa karani wa kuhesabu mizigo, na alistaafu alipotimiza miaka 60. Zamani za kazi yake alikuwa akinywa kwa siri pamoja na wenzake, mwisho wa mwezi, usiku mmoja. Lakini asubuhi kulikuwa na kazi, na kazi ndiyo iliyokuwa lijamu yake. Alipostaafu akapewa kiinua mgongo chake, na mwezi wa kwanza nyumba ilijaa watu wa kumpongeza. Mwezi wa pili watu wakapungua. Kufikia mwezi wa sita alikuwa akiamka alfajiri kwa mazoea, akioga, akivaa shati lililopigwa pasi, kisha akiketi barazani asijue pa kwenda. Watoto wako kazini, wajukuu wako skuli, bibi yake ana shughuli zake za nyumbani, na wale wenzake wa kazi kila mmoja amerudi kwao.

Ikawa kila pensheni inapoingia, hutoka akaenda mahali asikojulikana, akanywa siku mbili tatu mfululizo, asile wala asilale. Hurudi akiwa mgonjwa, akajifungia chumbani kwa aibu, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kuwa hatarudia tena. Hapo huwa mtu mwema kabisa kwa wiki mbili au tatu. Haigusi, wala haitaji. Kisha pensheni ya mwezi wa pili huingia.

Ulevi wa namna hii una hila kubwa. Mwenye kunywa kila siku, yeye mwenyewe ajua kuwa ni mlevi na watu wajua. Ama huyu wa vipindi, huzihesabu zile siku zake njema na kuzifanya ushahidi. Husema: mimi si mlevi, kwani wiki tatu sikunywa. Na watu wa nyumbani kwake husema vivyo hivyo, kwa kuwa wamechoka na wapenda kuamini. Hivyo maradhi hukaa ndani ya nyumba mwaka baada ya mwaka bila ya kuitwa kwa jina lake.

Hukumu ya jambo hili haina shaka, kwa hiyo hatutairefusha. Katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, Mwenyezi Mungu ameiita pombe uchafu na kazi ya Shetani, akaamrisha tujiepushe nayo, na akaeleza sababu: kwamba Shetani huitumia kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuilia kumkumbuka Mungu na kusali. Wako wanaosema kuwa bia si khamri, au kuwa tembo la mnazi ni maji ya mti tu. Hao Mtume (S.A.W.) amekwisha kuwajibu katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim: kila chenye kulevya ni khamri, na kila khamri ni haramu. Na Sayyidna Umar alihutubu juu ya mimbari akataja zabibu, na tende, na asali, na ngano, na shayiri, kisha akaeleza kuwa khamri ni kila chenye kufunika akili. Wala hapana msamaha wa kichache, kwani kinacholevya kikiwa kingi, kichache chake ni haramu.

Basi hukumu twaijua, na mzee wetu aijua kama tuijuavyo sisi. Lakini kujua kwake hakukumzuia. Hapa ndipo ilipotupasa tuulize: kwa nini pombe ilimshinda baada ya kustaafu, na hali alipokuwa kazini aliweza kuifunga kwa usiku mmoja?

Jawabu tumelipata katika maneno ya Mtume (S.A.W.), kwa mapokezi ya Ibn Abbas katika Sahihi ya Bukhari, kwamba ziko neema mbili ambazo watu wengi hupata khasara kwazo: nazo ni afya na faragha. Mfanya biashara hupata khasara kwa kuwa na mali asiyojua kuitumia. Kadhalika mwenye kustaafu. Amepewa mali ambayo hakupata kuwa nayo maishani mwake, nayo ni saa za mchana, na hapana aliyemfundisha la kuzifanyia. Na katika Suratu Sharh, aya ya 7, Mtume ameamrishwa kuwa akimaliza shughuli moja ajitaabishe kwa nyengine. Hapana katika dini yetu kipindi ambacho mtu amekwisha kazi. Kustaafu ni amri ya serikali juu ya ajira. Si amri ya Mwenyezi Mungu juu ya mja.

Lakini tusimtupie mzee peke yake maneno haya. Sisi nasi tuna lawama, nayo ni kubwa kuliko yake katika jambo tutakalolieleza sasa.

Ramadhani moja mzee huyu aliiacha pombe tangu mwezi wa Shaaban. Akafunga mwezi mzima, akasali tarawehe pamoja nasi, akakaa itikafu kumi la mwisho. Shawwal yote akasimama imara, na sisi tukafurahi. Mwezi uliofuata akaanguka. Alipotea siku tatu. Siku ya nne, baada ya kuoga na kuvaa nguo safi, akili yake ikiwa timamu, alikuja msikitini kwa sala ya Magharibi. Aliposimama safuni, mtu mmoja wa darasa letu alivuta mguu wake akasogea mbali naye. Baada ya sala, mwengine akaisoma kwa sauti ile Hadithi ya kwamba mwenye kunywa khamri haikubaliwi sala yake siku arubaini. Hakumtazama mtu, lakini kila mtu alijua aliyekusudiwa. Hapana aliyempa mkono. Mzee akavaa viatu vyake akaenda zake, na hatukumwona kwa miezi miwili.

Na katika miezi miwili hiyo, nani alikwenda kumwuliza? Hapana. Sisi tunaoandika maneno haya tulikuwa katika safu ile. Wengine wetu tulinyamaza, na wengine tuliona kuwa dini imetetewa. Kumbe tuliyemtetea siye.

Imam Bukhari amepokea kwa Sayyidna Umar kisa cha mtu mmoja zama za Mtume, jina lake Abdullah, ambaye watu wakimwita kwa lakabu ya Himar. Mtu huyu alikuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.), na alikuwa akinywa. Akaletwa akapigwa kwa kunywa kwake. Kisha siku nyengine akaletwa tena akapigwa. Mtu mmoja katika waliohudhuria akamlaani, akistaajabu kwa wingi wa mara anazoletwa. Mtume akamkataza kumlaani, akatoa ushahidi kuwa yule mtu ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na katika mapokezi ya Abu Huraira, katika kitabu hicho hicho, mtu mwengine aliyelewa alipoombewa kufedheheshwa na Mungu, Mtume aliwaambia watu wasimsaidie Shetani juu ya ndugu yao.

Tuangalie vizuri, ndugu zetu. Adhabu ilitimizwa, Mtume hakuifanya pombe kuwa jambo dogo. Lakini baada ya adhabu, mtu yule alibaki kuwa mtu wao, na mapenzi yake kwa Mungu yakashuhudiwa mbele ya watu, ijapokuwa alikuwa amerudia na kurudia. Sisi tulifanya kinyume: hatukumsaidia kuacha, kisha tukamnyima udugu.

Na Ibn Kathir, katika tafsiri ya mwanzo wa Suratu Ghafir, ameeleza kuwa mtu mmoja shujaa wa Sham alikuwa akimjia Sayyidna Umar, kisha akatoweka. Umar akauliza khabari zake, akaambiwa ameshikamana na kinywaji. Umar akamwandikia barua, akamtajia ndani yake zile aya zimsifuzo Mwenyezi Mungu kuwa ni Mwenye kusamehe dhambi, na kupokea toba, na Mkali wa kuadhibu. Kisha akawataka waliokuwa naye wamwombee ndugu yao. Yule mtu akawa akiisoma barua na kuirejea, akalia, akaiacha pombe, na ikawa kuacha kwake kuzuri. Ndipo Umar akawafundisha watu kuwa hivyo ndivyo wafanye wakimwona ndugu yao ameteleza: wamwongoze, wamwombee, wala wasiwe wasaidizi wa Shetani juu yake. Khalifa wa Waislamu, mwenye majeshi na miji ya kuangalia, aliona pengo la mtu mmoja akauliza. Sisi tulikuwa safu mbili tatu tu, na hatukuuliza.

Huenda mtu akatwambia: je, ile Hadithi ya siku arubaini si ya kweli? Twamjibu: ni Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na wengineo, na onyo lake lazidi ukali kila mtu anaporudia. Hatuifichi wala hatuipunguzi. Lakini yule aliyeisoma siku ile aliisoma nusu, kwani ndani yake mmetajwa pia kuwa mwenye kutubu Mwenyezi Mungu humpokea. Na wanazuoni wameeleza kuwa maana ya kutokubaliwa ni kukosa thawabu ya sala hizo. Si ruhusa ya kuacha kusali. Faradhi iko palepale shingoni mwake, na akiiacha ameongeza dhambi kubwa juu ya dhambi kubwa. Mzee wetu alifahamu kinyume. Alisema moyoni: ikiwa sala zangu za siku arubaini zimetupwa, nisali kwa nini? Akaacha sala, na alipoacha sala uzio wa mwisho ukaanguka. Basi tutazame jinsi Hadithi iliyosomwa nusu ilivyofanya kazi ya Shetani ndani ya msikiti.

Na kwa ajili ya kila aliyetubu akaanguka, akatubu akaanguka, hata akaona haya kuinua mikono, twataja neno la Imam Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim: kwamba dhambi ikikariri mara mia, au elfu, au zaidi, na mtu akatubu kila mara, toba yake hukubaliwa. Ameyasema hayo akieleza Hadithi ya mja aliyekosa, akaomba msamaha, akasamehewa, kisha akakosa tena. Lakini toba ina masharti yake: aiache dhambi, ajute kwa kuifanya, na aazimie kweli kutorudia. Mwenye kusema natubu, na huku amekwisha kuweka ahadi na marafiki zake wa mwisho wa mwezi, huyo hakutubu, amepumzika tu. Na ikiwa ndani ya dhambi mna haki ya mtu, sharti la nne ni kuirudisha. Mzee aliyekunywa nafaka ya bibi yake ana deni kwake, na deni halifutwi kwa machozi.

Tulipofika hapa katika kusoma kwetu, tukaikumbuka siku pombe ilipoharimishwa. Anas bin Malik ameeleza kuwa alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha, mara mpiga mbiu akapita akitangaza kuwa khamri imeharimishwa. Abu Talha akamwamrisha aimwage; akaimwaga, ikapita ikitiririka katika vichochoro vya Madina. Kisa hiki twakisoma kila mwaka kuonyesha utiifu wa Sahaba, na ni kweli. Lakini liko jambo ambalo hatukuwa tukiliangalia: Madina ilimwaga pamoja. Mtu hakuamka siku ya pili akawa yeye peke yake asiyekunywa kati ya rafiki zake, kwani rafiki zake nao waliacha. Wala hakukosa pa kukaa jioni, kwani watu wote walikuwa msikitini. Mzee wetu tulimtaka aimwage peke yake, kisha arudi kuketi peke yake juu ya baraza ile ile, mbele ya mchana ule ule mtupu.

Na kabla ya siku hiyo, Mwenyezi Mungu aliwaendesha watu kwa daraja. Ilishuka aya ya 219 ya Suratul Baqara kueleza kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha ikashuka aya ya 43 ya Suratun Nisaa kukataza kuikaribia sala katika hali ya ulevi. Wafasiri wameeleza kuwa kwa aya hii wakati wa kunywa ukawa mfinyu, kwani baina ya sala na sala hapakuwa na nafasi ya kulewa na kuzindukana. Daraja hizo zimekwisha. Leo hapana ruhusa ya kunywa kidogo kwa kisingizio cha kuacha polepole. Lakini hekima yake haikwisha: sala tano zikishikwa kwa jamaa, mchana na usiku hukatwa vipande vifupi, na mtu dhaifu aweza kuvuka kipande kifupi asipoweza kuvuka mchana mzima.

Baada ya miezi miwili, wawili katika sisi tulikwenda nyumbani kwake. Bibi yake alitufungulia bila ya kusema neno. Mzee alikuwa amekonda, na sasa pombe yake haikuwa ya vipindi tena. Alikuwa akinywa takriban kila siku. Tulimwomba radhi kwa yaliyopita msikitini. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mashekhe zangu, pombe naweza kuiacha, nimeiacha mara nyingi. Kinachonishinda ni saa nne ya asubuhi." Maneno haya tulitoka nayo, na mpaka leo hatujapata waadhi uliotufaa zaidi.

Akaazimia kuacha siku ile ile, na hapa twataka kila msomaji azingatie yaliyofuata, kwani yahusu roho za watu. Siku ya pili mikono ikaanza kumtetemeka, jasho likamtoka, usingizi ukamkimbia. Usiku wa kuamkia siku ya tatu akawa aona wadudu wakitambaa ukutani, na hawapo, na akazungumza na watu waliokwisha kufa. Jamaa zake wakasema amepagawa, na mmoja akataka kumleta mganga wa kupunga pepo. Mwenyezi Mungu alitujaalia mmoja wetu awepo, akakataa, akamchukua hospitali usiku huo huo.

Hayo si pepo. Ni maradhi yanayojulikana kwa madaktari. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ikikatwa kwa ghafula, waweza kutetemeka, kushikwa na degedege, na kuchanganyikiwa akili, khasa katika siku mbili tatu za mwanzo, na wako wanaokufa kwayo. Dawa yake iko hospitali, nayo si pombe. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na Tariq bin Suwaid juu ya kutumia khamri kuwa dawa, alikataza akasema kuwa hiyo ni ugonjwa, si dawa, na ni yeye Mtume aliyetuamrisha kutafuta matibabu. Basi mwenye kunywa kila siku na ataka kuacha, aazimie leo na amwone daktari leo, amweleze kweli asimfiche. Na mtu akitetemeka au akiona yasiyokuwapo baada ya kuacha, asingojwe mpaka asubuhi. Kumcheleweshea mgonjwa kwa ubani na ngoma ni kumdhulumu.

Wazee na wajue pia kuwa mwili wa mtu mzima si ule wa kijana. Maji hupungua mwilini kadiri umri unavyokwenda, kwa hivyo kiasi kile kile cha pombe humwingia mzee kwa nguvu zaidi. Na akiwa anameza dawa za sukari, au za presha, au za usingizi, hatari yazidi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi wa Januari 2023 kuwa hapana kiasi cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa ni salama kwa afya. Sisi hatukungoja tangazo hilo ili tuamini, lakini mwenye kudai kuwa chupa moja yamsaidia moyo wake, hata hoja hiyo imemwondoka.

Sasa twasema kwa mukhtasari yatupasayo.

Kwako wewe mzee wetu: usiape kwamba hutakunywa maisha yako yote, kisha ukavunjika moyo. Azimia kuacha moja kwa moja, na huku uuangalie mchana mmoja baada ya mwengine. Ijue siku yako ya hatari. Ikiwa ni siku ya pensheni, usiwe peke yako siku hiyo. Mwombe mwanao au bibi yako aende nawe, na nafaka ya nyumba itolewe kwanza kabla hujakaa na pesa mkononi. Waache wale ulionywa nao, hata kama ni rafiki za miaka thalathini. Mtu yule aliyeua watu tisini na tisa, kisha akatimiza mia, alipomwendea mwanachuoni kuuliza kama ana toba, hakuambiwa ajute tu. Aliambiwa aiache nchi yake, kwani ni nchi mbaya, aende kwenye watu wanaomwabudu Mungu. Na ukianguka, amka siku ile ile, oga, uje msikitini.

Kwenu nyinyi watu wa nyumbani: msimpe pesa za pombe kwa kuona haya, wala msimwongopee watu kuwa ana homa, wala msimtukane mbele ya wajukuu. Huruma si kumsaidia katika haramu. Mfungieni mfuko, msimfungie mlango.

Kwetu sisi watu wa madarasa na misikiti: tumwulize kila anayestaafu katika mtaa wetu, kabla mwezi wake wa kwanza haujamalizika, atafanya nini saa nne ya asubuhi. Yupo aliyekuwa mwalimu, na watoto wetu wa madrasa hawajui hisabu. Yupo aliyekuwa fundi, na madirisha ya msikiti yameoza. Yupo karani, na daftari zetu hazina mpango. Tumewaacha watu hawa wakae barazani kama vyombo vilivyokwisha kazi, kisha twashangaa Shetani akiwaajiri.

Mzee wetu leo ndiye anayefungua maktaba ya darasa kuanzia saa tatu mpaka Adhuhuri, na ndiye aandikaye daftari la watoto. Sanduku la pesa hatukumpa, na ni yeye mwenyewe aliyetutaka tusimpe. Tangu alipotoka hospitali ameanguka mara moja. Safari hii alituma mtu kutwambia kabla hatujasikia kwa wengine, na wawili katika sisi tulikwenda tukakaa naye mpaka alipozindukana, tukamrudisha kwa daktari, na Ijumaa iliyofuata alisimama safuni. Yule ndugu aliyevuta mguu zamani alisimama ubavuni mwake, bega kwa bega. Hatusemi kuwa amekwisha kupona, kwani hilo alijuaye ni Mola wake. Twasema tu kwamba hayuko peke yake.

Ewe Mola wetu, wapokee toba yao wote waliochoka kuanguka, na utusamehe sisi tulioona ndugu yetu azama tukamsomea Hadithi nusu. Utujaalie tuwe wasaidizi wao, wala usitujaalie kuwa wasaidizi wa Shetani juu yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.